Homa bila malaria: utafiti unasema tusubiri, mkono unaandika dawa

Tabibu wa Zahanati ameuliza:

Wanataaluma wenzangu, naomba tujadili jambo linalonirudia karibu kila asubuhi. Mama anafika na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye homa tangu juzi. Namtoboa kidole, naweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, tunasubiri dakika kama 15, na unatokea mstari mmoja tu, ule unaothibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi. Malaria hakuna. Mtoto anakohoa kidogo, ananyonya vizuri, hana dalili yoyote ya hatari. Hapo ndipo kalamu yangu inapoelekea kwenye amoksilini, ambayo ni antibiotiki, ilhali najua kwamba utafiti hauniungi mkono.

Nimeusoma ule uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilionekana kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, na asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibiotiki haiugusi. Sibishani na takwimu hizo. Ninachouliza ni hiki: wale watafiti walikuwa na maabara inayoweza kutafuta virusi kwenye ute wa puani, nami nina vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za wagonjwa, na foleni inayofika hadi chini ya mwembe. Mama huyu ametembea saa mbili. Nikimwambia arudi baada ya siku mbili, hatarudi, na mtoto akigeukia nimonia, jina litakalotajwa kijijini ni langu, si la mtafiti. Je, kuandika dawa katika hali hiyo ni uzembe au ni busara?

Muuguzi Mkongwe:

Mwanangu tabibu, pole na kazi. Maneno yako nimewahi kuyasikia, tena nimeyasema mwenyewe, ila wakati ule yalihusu malaria. Kila homa ya mtoto ilitibiwa kama malaria, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, wengi wetu tuliuliza nani atabeba lawama mtoto akifa. Hata kabla ya hapo, utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria vilevile. Kwa hiyo tuliomba kipimo, tukaletewa kipimo, kisha tukakipuuza. Baadaye tulijirekebisha, lakini naona mkono umehama tu kutoka rafu ya dawa mseto za malaria kwenda rafu ya antibiotiki.

Nikuulize kwa upendo: mara ya mwisho ulihesabu lini pumzi za mtoto kwa dakika nzima, nguo imefunuliwa kifuani, naye ametulia kwenye titi la mama yake? Mwongozo unasema pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ndizo za haraka, zinazotufanya tushuku nimonia. Kazi hiyo haihitaji maabara yoyote, inahitaji saa yenye mshale wa sekunde. Na kuhusu kurudi, usimwambie mama “baada ya siku mbili”. Muulize gulio lenu ni siku gani, umpangie siku hiyo, kwa sababu atakuja hata usipomwita.

Mtafiti wa Nyanjani:

Nakubaliana na muuguzi, ila sipendi tabibu aachwe peke yake na lawama. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 40 vya huduma za msingi mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 20 vilipewa vishikwambi vyenye programu inayomwongoza tabibu hatua kwa hatua, na humo watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23.2, wakati katika vituo vya kawaida walikuwa 70.1, bila watoto kuumwa zaidi ilipofika siku ya saba. Watu hunukuu tarakimu hizo mbili na kuishia hapo. Wanasahau kwamba pamoja na programu kulikuwa na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kipimo cha damu kinachosaidia kukisia kama kuna maambukizi makali, na watu waliokuwa wakifuatilia utendaji wa matabibu. Tukimletea tabibu hitimisho tupu, bila vifaa vilivyolizaa, tumempa nusu ya matibabu tuliyoyafanyia utafiti, na hilo ni kosa letu sisi tunaoandika zaidi kuliko lake.

Muuza Dawa Muhimu:

Nichangie kwa ufupi, kwa kuwa nipo ng’ambo ya barabara kutoka zahanati. Mama akitoka kwenu na parasetamoli tu, huja kwangu moja kwa moja kuomba “zile za rangi mbili, chache tu”. Nikimuuliza alichoambiwa, mara nyingi hujibu kwamba hakuambiwa kitu, alipewa karatasi. Anayekuja akijua kwa nini hakupewa antibiotiki huondoka bila kununua, nimeliona hilo mara kadhaa.

Tabibu wa Zahanati:

Ahsanteni sana, hasa kwa hilo la karatasi, ambalo limenichoma. Jana alikuja mtoto wa miezi 18, hali ileile. Nilihesabu pumzi dakika nzima nikapata 34, nikarudia nikapata 36, huku foleni ikinung’unika mlangoni. Niliandika parasetamoli, kisha nikamweleza mama kwamba akimwona anapumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, asingoje siku yoyote bali aje hata usiku. Nilimwomba anirudishie maneno hayo, akayasema yote isipokuwa la kifua, nikamwonyesha kwa mkono. Gulio letu ni Alhamisi. Nimemwandikia siku hiyo kwenye kadi ya kliniki, na nimeweka alama ya kalamu nyekundu kwenye rejista ili asipotokea nimtume mhudumu wa afya wa kitongoji chao. Kifaa cha kidoleni nimekiombea kwa barua leo asubuhi.