Huzuni inayorudi kila majira ya baridi: je, ni ugonjwa?

Mkazi wa Uppsala

Ndugu zangu, salaam. Nilihamia Sweden kutoka Mwanza, na kila ifikapo Novemba mwili na moyo hunilemea kwa namna ambayo sikuwahi kuijua nyumbani. Nalala saa nyingi lakini naamka nimechoka, natamani mikate na vitu vitamu mchana kutwa, na hata simu za mama yangu sizipokei. Ifikapo Aprili hali hiyo huondoka yenyewe. Mume wangu anaona ni uvivu, na wenzangu wa ibada wanasema imani yangu imelegea. Je, ni ugonjwa, na una tiba?

Muuguzi, Malmö

Pole sana, dada. Unayoyaeleza yanafanana mno na sonona ya msimu, ambayo Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu nchini Marekani mwaka 1984, na haihusiani kabisa na uvivu wala upungufu wa imani. Mwanza mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima; Uppsala mwishoni mwa Desemba hubaki takriban saa sita tu, na jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Inaaminika kwamba mwanga wa asubuhi unapokosekana, saa ya ndani ya mwili huchelewa, nao usingizi, hamu ya chakula na hisia huvurugika pamoja.

Tiba inayoanza kutumika mara nyingi ni taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), isiyotoa miale ya urujuanimno, ambayo mgonjwa huketi mbele yake kwa takriban nusu saa mara tu baada ya kuamka, macho yakiwa wazi bila kuikodolea. Taa za kawaida za sebuleni kwa kawaida hazifikii hata luksi 500, kwa hiyo kuziwasha zote hakutoshi. Mwenye maradhi ya retina, au aliyewahi kupatwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, asiitumie kabla ya kumwona daktari.

Mkongo wa Minneapolis

Naongezea tiba ya mazungumzo, ambayo jamii yetu huidharau bila haki. Utafiti wa Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont ulionesha kwamba, majira mawili ya baridi baadaye, waliopata tiba hiyo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliotibiwa kwa taa. Vitamini D tunaihitaji, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, ila ushahidi kwamba inaponya sonona hii ni dhaifu.

Mkazi wa Uppsala

Nashukuru sana. Nianzie wapi?

Muuguzi, Malmö

Piga 1177, namba ya ushauri wa afya hapa Sweden, uwaeleze kwamba hali hii hurudi kila mwaka katika miezi ileile, kwa kuwa mpangilio huo ndio unaomsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Ikibidi, atakuandikia dawa za sonona. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri miadi: piga 112, namba ya dharura. Tafadhali nenda na mumeo kliniki, ayasikie haya kwa daktari mwenyewe, na mwakani muulize daktari kama uanze taa mapema, kabla dalili hazijarudi.