Mrejesho: Seremala asiye na cheti anayetaka kwenda Australia

Wakuu, nilileta swali la mdogo wangu, seremala wa hapa Tabora aliyejifunzia kazi kwa fundi mtaani: atapimwaje ujuzi ili akafanye kazi Australia? Asanteni, hasa mliosema tuanzie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi.

Kweli wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Aliulizwa maswali, kisha akapewa mbao ya mninga aunge kona ya fremu ya mlango. Mtathmini hakujali msasa wala vanishi. Alisukuma ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa) kwenye tundu lake kwa mkono, akaweka skwea ya kupimia pembe, akainama kutazama kama kuna mwanga unapenya. Dogo kapita, cheti anacho.

Ila hakimvushi peke yake. Australia wanampima upya chini ya Trades Recognition Australia, chombo cha serikali yao cha kutambua ujuzi wa mafundi, na kule anayepaua, anayetengeneza milango na madirisha, na wa makabati ni fani tofauti. Huku kwetu fundi mmoja anafanya zote, hadi jeneza! Tumechagua milango, ndiko kwenye ushahidi mwingi. Sasa anakusanya picha akiwa kazini, risiti na barua za wateja. Kiingereza nacho kinamsubiri.