Mlio Dar mkatokea milimani: kwenu ardhi iliporomoka lini, ikapita wapi? Tupeane uzoefu

Mpare wa Ubungo: Wakuu, mvua ya jana usiku imenirudisha Same. Novemba 2009, Goha, Mamba Miamba, mlima ulishuka tukazika watu zaidi ya 20. Sasa mdogo wangu anatafuta kiwanja mteremko uleule, na aliyekuwa mtoto wakati ule hajui tope lilipita wapi. Tuandike hapa: mahali, mwaka, lilianzia wapi, likaishia wapi.

Kokoto: Kweli kabisa. Makaburi yapo, ramani hakuna.

Mama Nai: Nilikuwa kwa dada Katesh, chini ya Mlima Hanang, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Alfajiri, kabla hakujakucha, nikasikia mngurumo, nikadhani malori ya mawe yanapita. Dada akatoka mlangoni, akarudi hana sauti, ananivuta mkono tu. Nilibeba mtoto wake, viatu nikaacha. Tope lilikuja na magogo na mawe, linasukuma ukuta wa jirani kama unasukuma mlango. Tulipanda pembeni kwenye kijiinuko, kutoka pale nikaona watu ninaowajua wanaita, hakuna wa kuwafikia. Walikufa zaidi ya 80. Baadaye mzee mmoja akatuonyesha mawe makubwa shambani kwake, yamezama nusu, nyasi zimeota juu. Akasema, "Haya nayo yalishuka na maji, baba yangu aliyakuta." Miaka yote tulikuwa tunayakalia tukila mahindi.

Kokoto: Pole sana mama. Huyo mzee ahojiwe, na hayo mawe yapigwe picha.

Shina: Poleni. Ila tuseme ukweli, chanzo ni kukata miti.

Jiwe Kuu: Hanang ni hifadhi ya msitu, mkuu. Serikali ilisema miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Usiwabebeshe wakulima kila kitu.

Shina: Na Mgeta, kule milima ya Uluguru, Morogoro, je? Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa tatu, maporomoko zaidi ya 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliyahesabu: karibu yote mashambani na kwenye nyasi, msituni machache mno.

Jiwe Kuu: Basi kila mlima una yake. Ndiyo maana tuandike kimoja kimoja.

Mluguru wa Buguruni: Bibi alituambia joka lilitoka mlimani likaenda mtoni.

Kokoto: Hadithi hizo tuziache.

Mpare wa Ubungo: Hapana, andika! Muulize bibi joka lilipita shamba la nani. Hiyo ndiyo njia ya tope. Mwaka kama haujui, muulize nani alikuwa mgongoni, ilikuwa kabla au baada ya vita vya Kagera.

Jiwe Kuu: Na mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, hama. Juu kumeziba.

Shina: Usihame usiku, utatumbukia korongoni.

Mama Nai: Ningesubiri kukuche nisingekuwa hapa. Kimbilieni pembeni, mpande, msifuate korongo.

Mpare wa Ubungo: Wasambaa mbona kimya? Lushoto hakujawahi kushuka?

Mtoto wa Lushoto: Kumeshuka sana. Nimesimama kwenye daladala, nikifika Mbagala naandika.