Tupeane uzoefu: maonyesho ya yoga na afya ulienda na nani, na mlirudi na nini?

Mwanzisha uzi, London

Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni.

Naishi London mwaka wa kumi na moja sasa, nyumbani ni Tanga. Mwaka jana mama alikuja kunitembelea kwa miezi mitatu, akanikuta nimeshakata tiketi mbili za OM Yoga Show pale Alexandra Palace. Ya pili ilikuwa ya rafiki yangu wa kazini, akapata udhuru zikiwa zimebaki siku mbili. Nikamwambia mama, "Twende wote, ukichoka tunarudi." Mama ana miaka 68, na kazi yake tangu ujana ni ukandaji. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, yeye ndiye anayeitwa kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo mpaka arobaini itimie.

Kwa msiopajua, Alexandra Palace ni jumba kubwa juu ya kilima, kaskazini mwa jiji. Lilifunguliwa 1873, likaungua baada ya siku 16 tu, likajengwa upya na kufunguliwa tena 1875. Mwaka 1936 BBC ilianzia hapo matangazo yake ya kudumu ya televisheni ya picha safi, na mnara wake upo hadi leo. Unashuka treni Wood Green, unapanda basi la W3 linalokwea hadi juu. Mama alisimama nje, akaitazama London yote chini yake, akasema, "Kama uko Irente, kule milimani Lushoto, unaiangalia Mazinde chini." Nikajua siku itakuwa nzuri.

Ndani ni mabanda mtindo mmoja: mikeka ya mazoezi, nguo za kubana, mafuta ya kunukia, walimu wanaotangaza mafunzo ya ualimu wa yoga ya saa 200, mabakuli ya shaba yanayogongwa taratibu mpaka ukumbi unavuma. Mimi nikienda peke yangu huwa na ratiba. Darasa hili saa nne, lile saa tano na nusu, nakimbia tu. Na mama haikuwezekana. Yeye anasimama kila mahali, anagusa, ananusa, anauliza. Pale kwenye mafuta alinusa kichupa cha karafuu, akanusa tena, akamwambia mwenye banda kwa kupitia kwangu kwamba yeye mafuta ya karafuu hapaki mwilini bila kuyachanganya na ya nazi, yanaunguza. Mwenye banda alikubali, akamwonyesha maandishi ya kwenye kichupa yanayosema ayachanganye kwanza.

Mahali tulipokaa sana ni kwenye banda la ukandaji. Kijana mmoja alikuwa anamkanda mteja mabega, mama akamtazama kama dakika kumi bila kusema neno. Halafu akaniambia, "Anajua huyu. Ila mikono yake ya baridi, ona yule dada anavyojikunja. Mwambie apashe." Nilisita, nikamtafsiria. Yule kijana alisugua viganja akaendelea, na kweli yule dada akalegea. Alipomaliza alimwomba mama amwonyeshe anavyofanya yeye. Mama alijitanda khanga yake vizuri, akapasha mafuta viganjani, akamshika begani, akateremka na uti wa mgongo kwa dole gumba kidogokidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Kijana alifumba macho. Alipofumbua aliuliza mama amesomea wapi. "Kwa bibi yangu, Pangani." Miaka yote hii nimemwona mama akitoka na beseni lake asubuhi, lakini sikuwahi kusimama nikaangalia mikono yake inafanya nini. Nimeiona kwa mara ya kwanza London, tena mbele ya mgeni.

Kisha tukaingia darasa la wanaoanza. Walipoambiwa wachuchumae, wengi wa umri wangu visigino viliinuka, wakawekewa chini matofali mepesi ya kuegemea. Mama alishuka mpaka chini, nyayo zote zimelala, akatulia kama anapepeta mchele. Walipoambiwa wapige magoti wakalie visigino, akaninong'oneza, "Si tahiyatu hii?" Walipoimba Om, lile neno la yoga linalovutwa kwa sauti ndefu, alinyamaza. Baadaye aliniuliza ile ni dua ya nani, na mimi sikuwa na jibu la kumridhisha.

Sasa linaloniuma. Mwanzoni mwa darasa mwalimu aliuliza kama kuna mwenye presha. Mama anayo, na anakunywa dawa kila asubuhi. Mimi nilikuwa natandika mkeka, sikumtafsiria. Walipofika kwenye ule mkao wa mbwa, mikono chini na kichwa chini, mama alikaa hivyo muda mrefu kuliko wote kwa sababu anaweza. Aliponyanyuka akapepesuka, akanishika mkono kwa nguvu. Tulikaa pembeni nusu saa, maji kidogo, mpaka kizunguzungu kikaisha. Hakunilaumu. Lakini pale mimi ndiye nilikuwa masikio yake, na nikashindwa kusikia kwa niaba yake.

Naomba na nyie mtupe yenu. Mlienda na nani?

Mdau, Dodoma

Pole kwa mama, dada, na umpe shikamoo yangu. Mimi sijawahi kwenda, ila nimesoma hapo kwenye mikono ya mama mara tatu.

Mdau, Moshi

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, niongeze kidogo maana watu wengi watawapeleka wazazi. Mwenye presha ya kupanda asikae kichwa chini muda mrefu, na asinyanyuke ghafla, hasa kama anatumia dawa, kwa sababu presha inaweza kushuka anaposimama. Mwenye presha ya macho naye akae mbali na mikao yote ya kichwa chini, inaongeza msukumo ndani ya jicho. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asijikunje mbele kwa kupinda mgongo kama upinde, pingili za uti huweza kupasuka.

Mama yako ule mkao wa mbwa aufanyie ukutani: asimame, viganja ukutani usawa wa kifua, arudi nyuma hatua mbili, anyooshe mgongo. Misuli ni ileile, kichwa hakishuki chini ya moyo. Na mkifika ukumbini chukueni nafasi ya karibu na ukuta, hata kama kwa mbele pako wazi.

Mdau, Nairobi

Hamjambo wote. Mimi nilienda na rafiki yangu, dereva wa matatu njia ya Thika Road. Amekalia usukani miaka kumi na minne, mgongo umemuisha, usiku halali. Nilimvuta kwenye sherehe za Siku ya Yoga, 21 Juni. Njia nzima anasema hayo ni mambo ya Wahindi na ya matajiri, yeye ataangalia tu.

Mwalimu wa kundi letu alikuwa kijana wa Eastlands aliyefunzwa na Africa Yoga Project, ile iliyoanzia hapa Nairobi 2007. Alimsikia rafiki yangu akilalamika, akamweleza kwamba ni India iliyopeleka ombi la siku hii Umoja wa Mataifa, Desemba 2014, lakini nchi 177 ziliunga mkono, na hapa Kenya siku hii ni ya watu wote. Kisha akamuuliza, "Wewe unakaa vipi kwa gari?" Akaleta kiti cha plastiki, akamwambia akae kama yuko kwa usukani. Somo lote la rafiki yangu lilikuwa kwa hicho kiti: kugeuza kiuno kulia na kushoto, kuweka kifundo cha mguu juu ya goti na kuinama pole pole, kuvuta mabega nyuma. Sisi wengine tuko chini kwa nyasi, yeye yuko kwa kiti, na hakuna aliyemcheka.

Siku hizi akingoja abiria stage anashuka, anashika mlango wa gari, ananyoosha mgongo. Makanga wake pia ameanza. Maumivu hayajaisha yote, nisiwadanganye, lakini analala.

Mdau, Leicester

Yangu si ya furaha ila naileta ili imsaidie mtu. Nilimpeleka mzee wangu, miaka 74, kwenye maonyesho ya afya. Yeye anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu ilipomganda mguuni. Tulitembea vizuri, alifurahi, akapimwa nyayo. Banda moja likamuuzia vidonge vya manjano kwa ajili ya magoti. Niliuliza kama vina madhara, nikajibiwa ni vitu vya asili, kula tu. Nikalipa mimi.

Siku ya tisa akaanza kutoka damu kwenye fizi akipiga mswaki. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikakutwa kimepanda mbali sana. Muuguzi aliuliza swali moja tu: kuna kitu kipya ameanza kula? Akatueleza kwamba manjano ya kwenye mchuzi ni kidogo, lakini vile vidonge ni manjano yaliyokolezwa, na mara nyingi huchanganywa na kiini cha pilipili manga ili mwili uyanyonye zaidi. Kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ni hatari. Alirudi sawa, Mungu mkubwa, lakini wiki ile sikula vizuri.

Tangu hapo dawa zake zote nimeziandika kwenye karatasi iko ndani ya pochi yangu. Kitu cha kumeza hatununui pale pale. Napiga picha ya lebo, nampelekea mfamasia, akisema ndiyo tunaagiza baadaye.

Mdau, Muscat

Assalaam aleykum. Mie nimeguswa na pale mama alipouliza dua ya nani. Wazee wetu ni wa Unguja, na nilikwenda na wifi yangu kwenye maonyesho ya afya ya wanawake hapa Muscat. Wifi alishika mlango, haingii, anasema ni ibada ya watu.

Nilimwambia wanazuoni na serikali hawakukubaliana kwa kauli moja juu ya jambo hili. Malaysia mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa lilikataza yoga yenye nyimbo na ibada ndani yake. Saudi Arabia, Novemba 2017, wakaitambua yoga kuwa ni mchezo, ikaanza kufundishwa kwa leseni. Kwa hiyo mtu anayeuliza hana makosa, tena kuuliza ndiyo adabu. Tukamfuata mwalimu kabla ya darasa, tukamweleza. Hakuchukia hata kidogo. Aliiondoa ile Om, badala yake tukavuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita, bila ya neno. Wifi akaingia. Nadhani mama yako angefurahi kuulizwa hivyo mapema, na akinyamaza wenziwe wakiimba hapana anayemlazimisha.

Mdau, Lamu

Sisi maonyesho yalitufuata nyumbani. Tamasha la yoga la hapa Lamu lilianza 2014, na mume wangu ni nahodha, hubeba wageni jioni na jahazi jua likizama. Mwaka mmoja walitukaribisha wote wawili darasani Manda, ufukweni. Kwenye kupumua mwalimu alimwambia yeye tayari anajua, akamuuliza kajifunza wapi. Akasema kwenye kungoja upepo.

Mwanzisha uzi, London

Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Mdau wa Muscat, jibu lako nimemsomea mama kwenye simu neno kwa neno, amekuombea dua. Wa Leicester, karatasi ya dawa nimeshaiandika.

Mama yuko Tanga sasa. Mkeka aliukataa, akasema nyumbani mikeka ipo. Kitu pekee alichokubali nimnunulie siku ile ni matofali mawili ya kuegemea, yale mepesi ya gome la vizibo vya chupa. Nilidhani ni ya mazoezi. Kumbe anayaweka chini ya magoti ya wanawake waliojifungua anapowakanda tumbo, anasema mgongo unatulia zaidi kuliko kwa mto, tena yanasuguliwa yakawa safi.

Ndugu wa Moshi, ule mkao wa ukutani nimemweleza naye anaufanya kila baada ya alasiri. Ameniagiza nikuulize: akae pumzi ngapi, na mara ngapi kwa siku?