Pedali ya korasi imenyamaza baada ya kuchomekwa adapta ya kinanda: itengenezwe au ninunue nyingine?

Solo_wa_Tabata

Ndugu wapiga magitaa na mafundi, naomba ushauri wenu. Napiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa letu hapa Tabata, Dar es Salaam, na kwa miaka sita nimekuwa nikitegemea pedali moja tu ya korasi, ya analogia, ile inayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopigwa pamoja. Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukifunga vyombo kwa haraka, mwenzetu aliichomekea adapta ya kinanda ya volti 12, kwa kuwa ncha yake iliingia bila shida yoyote. Taa haikuwaka, na tangu saa hiyo pedali haipitishi sauti hata kidogo, iwe nimeikanyaga kuiwasha au kuizima.

Nimejaribu adapta yake yenyewe ya volti 9 bila mafanikio. Nilipoweka betri mpya, baada ya dakika chache niliikuta betri ina joto, nikaichomoa. Fundi wa simu jirani yangu anasema bodi yote imekufa. Kuna mtu anayeniuzia pedali ya kidijitali iliyotumika, lakini sauti ya hii yangu naipenda, na sitaki kuiacha kabla ya kujua hakika. Mngeshaurije?

Fundi_Redio_Moro

Pole sana, kaka. Usinunue kitu bado, na usiweke betri nyingine, kwa sababu hilo joto limekwisha kueleza sehemu kubwa ya tatizo.

Pedali nyingi za gitaa hutumia volti 9, na ncha ya adapta yake huwa na hasi katikati na chanya nje. Adapta nyingi za vinanda ni kinyume chake: chanya iko katikati. Kwa hiyo umeme uliingia kinyumenyume, na hapo ndipo dayodi ya kinga, yaani kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ilipofanya kazi yake. Dayodi hiyo hufungwa kati ya njia ya chanya na ya hasi. Umeme ukiwa sahihi inakaa kimya, lakini umeme ukigeuzwa inaupitisha wote yenyewe ili usizifikie aisii, yale madude madogo meusi yenye miguu mingi yanayofanya kazi kuu ya bodi. Ikizidiwa, mara nyingi huungua kwa namna ya kuziunganisha moja kwa moja chanya na hasi, na ndiyo maana betri yako ilipata joto: ilikuwa inajimaliza ndani ya dayodi.

Kuhusu kutopitisha sauti hata ikiwa imezimwa, hilo lisikutishe. Katika pedali zenye swichi ya kielektroniki, sauti hupita kwenye transista wakati wote, kwa hiyo umeme ukikosekana unapata ukimya mtupu, hata kama saketi nyingine yote ni nzima.

Toa betri, fungua skrubu za chini, kisha weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani) na upime kati ya nguzo mbili za tundu la adapta. Ukipata karibu na sifuri hata unapobadilisha nyaya za mita, inua mguu mmoja wa dayodi na uipime peke yake, mita ikiwa kwenye alama ya dayodi. Nzima huonyesha takriban volti 0.6 upande mmoja na haipitishi kitu upande wa pili. Ikiwa imekufa, weka 1N4001, au 1N4007 ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi kwa kuwa imo katika vifaa vingi vya umeme. Yangu ya mwisho niliinunua kwa bei isiyofikia nauli ya daladala. Mstari wa rangi uelekee chanya. Usikawie na chuma cha kuchomelea zaidi ya sekunde tatu hivi mahali pamoja, maana shaba ya bodi hubanduka, na pedali nzuri nilizoona zikiharibiwa na mkono wa fundi ni nyingi kuliko zilizoharibiwa na umeme.

Ukiitoa dayodi mbovu bila kuweka nyingine, pedali inaweza kufanya kazi, ila itakuwa haina kinga. Nakusihi usiiache hivyo.

Nyuzi_Sita_Mombasa

Nakubaliana na fundi, ila ningeongeza jambo moja. Kinachonipa wasiwasi katika korasi ya analogia ni ile aisii inayochelewesha sauti, kwa mfano MN3207 na ndugu zake, ambazo kiwanda chake cha asili kiliacha kuzitengeneza. Zipo zinazotengenezwa leo na kampuni nyingine, lakini pia zipo za bandia. Hivyo, baada ya dayodi kubadilishwa, sikiliza kwa makini: ikiwa gitaa linasikika safi lakini halitikisiki kama zamani, aisii hiyo au ile inayoiendesha ndiyo ya kushukiwa, na hapo ndipo ningeanza kulinganisha gharama na pedali nyingine.

Ile ya kidijitali ningekaa nayo mbali kwanza, dada yenu nasema kwa uzoefu. Vipande vyake ni vidogo mno, vimebandikwa juu ya bodi, na ikifa ni wachache watakaoweza kuifufua.

Solo_wa_Tabata

Nashukuru sana, kaka na dada. Nimempelekea fundi wa redio, akapima mbele yangu: dayodi ilionyesha sifuri pande zote mbili. Amebadilisha kwa 1N4007, lakini taa haikuwaka, na kwa dakika kumi nilikata tamaa kabisa. Ndipo akaona kinjia chembamba cha shaba kilichoungua karibu na tundu la adapta, akakiunga kwa kipande cha waya. Sasa bodi inapata volti 9.1, sauti imerudi, na korasi inatikisika vilevile.

Fundi_Redio_Moro

Safi sana. Hicho kinjia kilikatika kama fyuzi, na nilipaswa kukutajia mapema. Sasa ipake ncha ya ile adapta ya kinanda rangi nyekundu kabla ya Jumapili.