Viroboto wamerudi baada ya kupuliza dawa, na nyumba ina paka na mbwa. Naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Nina paka anayenyonyesha na mbwa wa ulinzi anayelala barazani. Viroboto wamejaa sebuleni, miguu ya mwanangu imejaa vipele. Tulipuliza dawa nyumba nzima wakatulia, sasa wanaruka upya. Jirani anasema niwaogeshe wote kwa dawa ya josho la ng'ombe. Ni salama? Nawahurumia sana hawa wadogo.

Mama Nyau
Dada, kwa paka usithubutu! Dawa nyingi za josho zina sipamethrini au amitrazi. Sipamethrini ni jamii moja na pamethrini, sumu ya wadudu ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbwa. Anatetemeka, anashikwa na degedege, anakufa. Hata ile ya matone ya mbwa usimpake.

Kijana wa Moro
Sisi tulipaka mafuta ya taa, wakakimbia.

Mama Nyau
Hapana jamani. Yanababua ngozi, na paka akijilamba anayameza yote.

Bwana Mifugo
Dada, dawa yako huenda ilikuwa nzuri tu. Kiroboto jike hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka popote mnyama alalapo. Mabuu hujificha kwenye nyufa za sakafu na chini ya mkeka, kisha hujifungia kwenye vifuko ambavyo dawa haipenyi. Humo hukaa wiki kadhaa, hata miezi, mpaka wahisi joto au mtikisiko wa miguu. Hao ndio unaowaona sasa.

Kwa hiyo fagia kila siku, hasa nyufa na uvungu wa makochi, taka uzitoe nje kabisa. Matandiko yafue kwa maji ya moto. Wanyama wote watibiwe siku moja, kila mmoja kwa dawa yake. Kwa paka mama muulize daktari wa mifugo ipi inafaa kwa anayenyonyesha. Watoto wa paka wachane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, ukikichovya kwenye maji ya sabuni.

Muuliza swali
Asanteni sana. Kwenye mkia wa paka naona vitu kama punje za mchele, navyo ni viroboto?

Bwana Mifugo
Hivyo ni vipande vya tegu. Paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Ongeza dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, na gunia analolalia mbwa lichome.