Mrejesho: Nimehamia Dodoma kufundisha Kiingereza

Wakuu, habari zenu. Nikiwa bado kwetu Mombasa niliuliza kama Dodoma panaishika, maana nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza sekondari. Wengi mlinitahadharisha kuhusu vumbi na upepo. Kweli vipo, lakini mji nimeupenda kwa dhati.

Aliyenielekeza Soko la Majengo, Mungu ambariki. Kuna mama anapanga zabibu kwenye beseni, anazinyunyizia maji hadi vishada vinang'aa, na hakuuzii kabla hujaonja. Ugali wa uwele kwa mlenda nao nimeshauzoea. Wenyeji wangu Wagogo wakinikaribisha sikatai.

Kilichonisaidia zaidi kuujua mji ni wanafunzi wenyewe. Kidato cha Kwanza wametoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza. Wanaogopa kufungua mdomo. Basi nikawapa kazi: kila mmoja anieleze kwa Kiingereza njia ya kufika mahali anapopapenda, na Jumamosi naifuata kama alivyosema. Binti mmoja mkimya kuliko wote alinifikisha Nyerere Square kwa kona zote sahihi, na Jumatatu aliniuliza mbele ya darasa kama nilipotea. Kwa Kiingereza!

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, nimeiweka likizo ijayo. Aliyekwenda karibuni anijuze: kulala Kolo au Kondoa mjini?